Waya wa Breki ya Moshi

Nimesimamia mitihani kwa miaka mingi kuliko niliyokaa kwenye ndoa, na kazi ile iliniharibu. Ukiniambia umechelewa kwa sababu ya msiba, nitakuuliza marehemu alikuwa nani na kazikwa wapi. Ukiniletea kuku, nitataka kujua kwa nini umeniletea mimi. Wanafunzi wangu walikuwa wakisema Mwalimu ana macho hata kisogoni, na mimi maneno hayo niliyaona sifa. Nilipostaafu nilibaki na macho yale yale bila chumba cha mtihani cha kuyatumia, mpaka siku nilipoajiri dereva.

Songea sikuzaliwa. Nililetwa na barua ya ajira nikiwa msichana, nikaolewa hapa, nikafiwa na mume hapa, nikajenga nyumba mtaani Msamala. Kiinua mgongo changu chote kilikwenda kwenye lori moja la magurudumu sita, la katikati, si kubwa la safari za nje wala si dogo la kubebea mchanga. Baadaye mafundi wa mjini walinichomelea tela la kufunga nyuma, ili mahindi ya Namtumbo yakipakiwa yawe mzigo wa maana. Lori na tela ndiyo ilikuwa pensheni yangu, ndiyo ilikuwa mume, ndiyo ilikuwa mtoto wa kunizika. Ningekosaje kulilinda?

Dereva alikuwa mtu wa Tunduru, wa makamo, Mwislamu wa sala tano. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioanza kunitia shaka. Katika chumba cha mtihani, anayehangaika na kukuna kichwa ni mtoto ambaye hakusoma tu. Aliyetulia kupita kiasi ndiye wa kumkagua soksi.

Kila asubuhi alifika uani kwangu, akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu," kisha akaanza kulizunguka lori. Aligonga matairi kwa kipande cha nondo akisikiliza. Alifungua na kufunga, aliwasha na kuzima, kila swichi na kila taa. Aliinama kwenye kiungo cha tela akakitikisa kwa mikono miwili. Hakuruka hata siku moja, hata kama lori halikutoka jana yake. Mimi nikimwangalia kutoka jikoni nilijiuliza mtu huyu anatafuta nini kila siku kwenye gari lile lile.

Halafu kulikuwa na ule mlio. Akitokea Namtumbo, akianza kuteremka upande wa Matogoro, lori lilinguruma kwa sauti nzito ya kukaba, brrrrr, kama mtu anayekohoa na mdomo umefumbwa. Jirani yangu mmoja aliniambia kwamba gari langu linateswa. Nikamngoja dereva, na alipofika nikamuuliza.

"Hiyo ni breki ya moshi, Mwalimu," alisema. "Ndani ya bomba la ekzosi kuna kilango. Nikivuta hiki kijiti hapa kwenye usukani, kilango kinafunga. Moshi unakosa pa kutokea, injini inajikaza, gari linashikwa na injini yenyewe. Breki ya mguu naitunza."

"Unaitunzia nini? Si ya kukanyagwa?"

"Ya kusimamia, Mwalimu. Mlimani hatusimami, tunashuka. Ukiikanyaga mlima mzima inachemka, na ikichemka unakanyaga hewa tupu. Na huko nyuma una tela linakusukuma, halina huruma."

"Na mafuta? Kelele zote hizo si mafuta yanaungua?"

Akatabasamu. "Ikinguruma vile, mafuta hayaendi kabisa. Mguu unakuwa umetoka kwenye mafuta."

Nilimtazama. Tangu mwanafunzi mmoja aniambie kwamba karatasi iliyokuwa kwenye mkono wa shati lake ni dua ya bibi yake, sikuwa nimesikia uongo wa hivyo. Kitu kingurume, kitetemeshe vyombo jikoni kwangu, halafu kisinywe chochote! Na hilo la kuziba moshi lilinikera zaidi. Mtu ukimziba pua na mdomo anakufa. Injini ina nini cha kuizidi roho ya mtu?

Siku moja ya mvua alirudi akateremka kimya. Nikamrukia mlangoni. "Leo vipi? Breki yako ya moshi imelala?"

"Kwenye utelezi naizima, Mwalimu. Inashika matairi ya nyuma ya lori peke yake. Yakiteleza yale, tela linakuja pembeni, linatukunja."

Basi jua likiwaka ni nzuri, mvua ikinyesha ni mbaya. Alikuwa na jibu la kila swali, na mtu mwenye jibu la kila swali mimi namjua.

Nilimwendea fundi wa magari, peke yangu, nikamuuliza kama kitu hiki kinaibana injini. Akasema, "Kuibana kinaibana, mama, lakini..." Mimi nikashukuru nikaondoka. Ile lakini sikuingoja. Leo nikikumbuka nacheka kwa uchungu, maana nimewahi kumnyima alama mtoto aliyesoma nusu ya swali.

Lililonimaliza ni simu. Juu kabisa ya milima ya Umatengo, ukishapita Mbinga, pale barabara inapoanza kuporomoka kwenda Mbamba Bay ziwani, kuna mama anayeuza ndizi. Nilimfundisha darasa la tano. Nilikuwa nimempa namba yangu na kumwomba anifungulie macho, na alifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha kwenye hesabu.

"Shikamoo Mwalimu. Lori lako limesimama tena hapa juu. Dereva yuko chini ya gari."

"Anafanya nini?"

"Sijui. Anagusagusa."

Kila safari ilikuwa hivyo hivyo. Anafika juu, anasimama, anaingia uvunguni, anakaa hata robo saa, anatoka anapangusa mikono. Mimi nikaunganisha mambo. Anasimama juu ya mlima ambako hakuna mtu ila muuza ndizi, ananyonya mafuta kwenye tangi, anamgawia mwenzake anayejificha porini, kisha anashuka akilingurumisha lori ili nikiuliza mafuta yamekwenda wapi aseme mlima ulikuwa mkali. Kwamba yeye mwenyewe alishaniambia mlio ule haunywi mafuta, hilo halikunisumbua. Nilishatoa hukumu, nilichobakiza ni ushahidi.

Ijumaa moja alikwenda msikitini, akaacha lori uani likiwa wazi kama kawaida yake, maana aliniamini. Nilikuwa nashona sare za shule za watoto wa jirani. Niliinuka na mkasi mkononi. Nikapanda upande wa dereva, nikapiga magoti pale chini na kuangalia juu, chini ya usukani, kijiti kilikotokea. Fundi alikuwa amenionyesha waya kama ule kwa kidole siku ile, kwenye lori jingine pale gereji, kabla sijamkatiza. Nikaukata. Ncha mbili nikazisukuma nyuma zisionekane, nikashuka, nikarudi kwenye cherehani yangu. Nilishona kwa furaha. Nilijiambia kwamba nimeiokoa injini yangu, na kwamba kuanzia sasa mlio ukinyamaza tutaona mafuta yatasingiziwa nini.

Ushahidi mwingine nilitaka kuuona kwa macho. Jumatatu kulikuwa na safari ya Mbamba Bay, mahindi juu ya lori na mahindi juu ya tela. Nikamwambia nakwenda naye.

"Karibu sana, Mwalimu," akasema. Hakushtuka, na kutoshtuka kwake nako nikakuweka kwenye faili.

Asubuhi hiyo alilizunguka lori taratibu kuliko siku zote. Akaniomba nisimame nyuma ya tela nimwambie taa kama zinawaka. Mimi nikasimama. Yeye akawa ndani, kichwa kimeinama.

"Taa za nyuma zinawaka, Mwalimu?"

"Zinawaka."

"Basi huko nyuma kuko salama. Na huku mbele?"

"Huko mbele si uko wewe?"

"Ni kweli," akasema, akawasha injini.

Tulitoka Songea jua likiwa limeshachomoza. Njia ya Mbinga ina vilima vya kupanda na kushuka, na kwenye kila mteremko nilitega sikio. Kimya. Alikuwa akishusha gia kabla ya mteremko, injini ikilia kwa sauti ya kawaida, mguu ukigusa breki mara mojamoja, anakanyaga kwa nguvu, anaachia. Mkono wake haukukaribia kijiti.

"Leo sisikii makelele," nikamchokoza.

"Leo nashuka na gia, Mwalimu."

"Na linashikika."

"Hapa linashikika. Vilima hivi ni vya watoto."

Nikageuza uso dirishani nisionekane nacheka. Kumbe inawezekana! Mwaka mzima ananitesea injini, na kumbe gia zipo.

Mbinga tulisimama kunywa chai. Alikunywa taratibu, akaniambia habari ya dereva mwenzake wa zamani, aliyepewa gari na tajiri bila kuambiwa ubovu wake. "Dereva akijua gari lina ubovu hashuki, Mwalimu. Anayeshuka ni yule asiyejua. Yule mwenzangu hakuambiwa." Alinitazama huku akizungusha kikombe. Macho yake hayakuwa na ukali wowote. Nami nikasema chapati za hapa zina chumvi nyingi.

Tukafika juu. Yule muuza ndizi aliponiona kwenye kiti cha abiria alishika mdomo. Dereva akaegesha, akaweka mawe mawili kwenye matairi, akaingia uvunguni. Siku yangu ilikuwa imefika. Nikateremka mbio, na goti langu bovu, nikainama nichungulie wizi kwa macho yangu.

Hapakuwa na dumu. Hapakuwa na mpira wa kunyonyea. Dereva wangu alikuwa amelala ubavu kwenye vumbi, anapeleka mgongo wa mkono wake karibu na kila gurudumu, kwa ndani, kama mama anayempima mtoto homa. Akatoka, akaenda kwenye tela, akafanya vile vile.

"Hili la kulia lina joto," akasema. "Tungoje lipoe. Huwa nangoja hapa kila safari."

Hiyo ndiyo ilikuwa ile robo saa. Nilikaa juu ya jiwe nikala ndizi ambayo sikusikia ladha yake. Mbele yetu barabara iliporomoka, ikapotea kwenye kona, ikaonekana chini zaidi, ikapotea tena. Kwenye kona ya kwanza walikuwa wameweka kingo za chuma, na kingo zenyewe zilikuwa zimeshapindwa na mtu aliyetutangulia. Nikageuka nikaangalia magunia kwenye lori, nikaangalia magunia kwenye tela. Ndipo nilipoelewa maneno yake yote kwa mara moja, kilango, breki kuchemka, tela lisilo na huruma. Mlima huu haukuwa wa watoto, na kitu cha kutushika nilikuwa nimekikata mimi kwa mkasi wa kushonea.

Akatoa mawe, akapanda. Nikapanda. Akafunga mlango, akaweka mikono miwili kwenye usukani, lakini hakuondoa gari.

"Mwalimu, kuna neno lolote kabla hatujateremka?"

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa karibu kusema. Sikuwa karibu. Nilifikiria watoto wote niliowasimamisha mbele ya wenzao, nikifikiria jinsi nitakavyosema kwamba niliingia kwenye gari lake kama mwizi wakati anasali. Niliona afadhali kufa kuliko kulisema. Sikufikiria kwamba tungekufa wawili.

"Neno gani?" nikasema. "Twende."

Akasema, "Bismillahi," akaingiza gia ya pili.

Hatua za kwanza lori lilikwenda taratibu. Halafu nililisikia tela. Lilitupiga msukumo mgongoni, mzito, na mlio wa injini ukaanza kupanda. Kona ilikuwa inakuja. Nikashika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Nikamwona anapeleka mkono wa kushoto kwenye kijiti, nikafumba macho, maana sikutaka kuuona uso wake akigundua.

Brrrrr.

Ule mlio niliouchukia mwaka mzima ulitoka chini ya miguu yangu, ukatetemesha kiti, ukatetemesha meno yangu. Lori likashikwa. Nilifumbua macho nikaona kitaa kidogo kimewaka mbele ya usukani, na kona tukaipita kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Dereva alikuwa anaangalia barabara. Hakunigeukia hata mara moja. Nilianza kulia, na nililia kona baada ya kona, kwa hofu, kwa shukrani na kwa aibu, mpaka ziwa likaonekana chini, na yeye muda wote alikuwa kama hasikii. Breki ya mguu aliigusa mara chache, anakanyaga, anaachia. Kazi yote ilifanywa na moshi uliokosa pa kutokea.

Mbamba Bay tulishusha mahindi. Kesho yake tukarudi. Njia nzima tulizungumza habari za mvua na za korosho za kwao. Nilingoja anilaumu, na kila alipofungua mdomo nilijikaza, lakini hakunilaumu. Nikaanza kujidanganya kwamba labda waya ule haukuwa wenyewe.

Tulipofika uani Msamala alilipangusa lori, akafunga vioo, akaja barazani nilipokuwa nimekaa. Aliniwekea funguo kwenye meza. Juu ya funguo akaweka kipande cha uzi wa bluu, urefu wa kidole.

"Huu ni wako, Mwalimu. Uliganda kwenye waya. Niliuona Ijumaa ile ile niliporudi kutoka kuswali, kwa sababu kijiti nilikijaribu, taa haikuwaka."

Uzi wa sare za shule. Watoto wangapi niliwakamata kwa ushahidi mdogo kuliko ule!

"Waya uliuunga lini?" nikauliza.

"Ijumaa hiyo hiyo. Siwezi kulala na gari bovu. Lakini sikuutumia mpaka juu, nilikuwa nakupa nafasi. Nilisema, Mwalimu hajui milima, akiona mlima ataniambia." Akaangalia mikono yake. "Sikukasirika kwa kukata. Mtu anaweza kukata kwa kutojua. Ila pale juu ulikuwa umeshajua, nilikuona. Na ulisema twende."

Nilishika ule uzi nikauzungusha kidoleni.

"Gari nalikagua kila asubuhi, Mwalimu," akasema. "Wewe nitakukaguaje?"

Akaniaga kwa adabu ile ile, akaondoka kwa miguu. Nilibaki na funguo na uzi mpaka chai ikapoa. Baadaye nilipanda kwenye lori, nikakaa kwenye kiti chake, nikapiga magoti tena pale chini. Waya ulikuwa umeunganishwa vizuri, umezungushiwa utepe mweusi, umefungwa pembeni usiguswe na mguu. Nikawasha swichi, nikavuta kijiti, kitaa kikawaka.

Ilinichukua wiki nzima kupiga simu. Alipokea akiwa kwao Tunduru, nyuma yake nilisikia watu wanabangua korosho.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Baba, ni mimi niliyekata ule waya. Niliukata nikijua ninachokata, na pale juu nilijua, nikanyamaza. Nisamehe."

Nikasikia mtu anamwita na yeye anamwambia angoje.

"Nimekusamehe, Mwalimu, wallahi," akasema. "Umechelewa mlima mmoja tu."

Nikamwomba arudi kazini. Akaniambia ameshapata gari lingine.